Soma Karatasi Kabla ya Kuinua Rungu

Siku ya kuniaga, mkubwa mmoja alisimama mbele ya keki akasema kwamba Sajenti Nekesa alikuwa askari mtiifu kwa miaka yote aliyovaa sare. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na kipande cha keki mdomoni, kwa hivyo sikuweza kumjibu pale pale. Namjibu hapa. Niliitii sheria. Wakubwa niliwatii pale walipokuwa upande wake, na walipotoka huko niliwaacha waende peke yao. Kama kuna ambaye bado ana kinyongo, ninakaa mtaa wa Tena, Nairobi, na geti langu huwa wazi mchana kutwa.

Aliyenisukuma kuandika ni Koplo Chebet. Tulifanya kazi pamoja alipokuwa konstebo mchanga, na mtamwona mbele. Aliniambia, "Madam, yaandike hayo mambo. Hawa wapya nikiwasimulia wanadhani natunga." Basi nayaandika kwa ajili yenu mnaoanza. Habari za vyeo sitazigusa. Havikunisumbua sana, na mimi sikuvisumbua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa humu humu Eastlands. Nililelewa karibu na hapo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa baba aliyetoka Webuye kuja kutengeneza mabehewa. Siku niliyoripoti kazini nilikuwa na buti kubwa kuliko miguu yangu, nimezijaza magazeti mbele. Kila hatua niliyopiga, buti zilisema kitu. Koplo wa kaunta aliinua macho, akasikiliza, akasema, "Wewe hutawahi kumshtukiza mwizi."

Huyo ndiye Koplo Mwaniki. Mtu wa Murang'a, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi wa kiatu. Mfukoni alikuwa na kijitabu cha sheria alichokizungushia karatasi ya nailoni ya unga, kikachakaa hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa. Askari wenzake walimtania kwamba ni Biblia yake. Yeye alijibu kwamba Biblia ilikuwa nyumbani na hii ilikuwa ya kazini, na kwamba alizisoma zote mbili kwa sababu hakujiamini.

Asubuhi ile ile waliingia wanawake wawili kutoka Dandora na kuku mmoja. Kila mmoja alisema kuku ni wake. Mwaniki akanisukumia kitabu cha OB, ambamo kila tukio la kituo huandikwa na kupewa namba. Niliandika kwa fahari: kuku aliyeibwa. Akasoma juu ya bega langu.

"Umejuaje ameibwa? Ulikuwepo?"

"Hapana, afande."

"Basi kalamu yako imeshahukumu. Andika ulichokiona. Umeona kuku, na watu wawili wanaomdai."

Nikaandika hivyo. Kabla ya saa sita kuku alitaga yai juu ya kaunta, na wale wanawake wakaanza kesi ya pili. Mwaniki alilitazama lile yai. "Hilo nalo liandike," akasema, "ila usiandike nani baba yake."

Alinifundisha vitu vidogo ambavyo vilinibeba kuliko bunduki yoyote. Kuwa na kalamu mbili zako mwenyewe, kwa sababu kalamu ya kituo huisha wino mtu muhimu anapoingia. Andika saa kwanza, halafu mahali, halafu majina, na hapo ndipo uandike hasira za watu. Na alinifundisha kusoma karatasi ya mahakama. Usianze juu, alisema. Anza chini: muhuri upo? Nani ametia sahihi? Panda juu: namba ya kesi, majina ya wanaoshtakiana. Kisha rudi katikati, kwenye maneno yenyewe, uone umeruhusiwa kufanya nini, wapi, na lini. "Chini, juu, katikati," alirudia mpaka nikawa nausikia wimbo huo nikioga.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Mwaka wangu wa kwanza, Mwaniki akiwa likizo, mkuu wa kituo aliniita akaniambia niende nimlete mwanamke fulani aliyekaanga samaki karibu na steji ya Tena. "Mlete tu," alisema. Sikuuliza chochote. Nilimkuta Mama Achieng akigeuza ngege kwenye karai la mafuta. Alinisihi nimwache azime jiko kwanza. Nilimwambia atalizima akirudi. Nikamwingiza seli, nikaandika jina lake kwenye kitabu, na kwenye sehemu ya kosa nikaandika: ameletwa kwa amri ya mkuu.

Mwaniki alirudi siku mbili baadaye, akafungua kitabu kama kawaida yake kabla hata ya kuvua koti.

"Huyu mama amefanya nini?"

"Ameletwa kwa amri ya mkuu wa kituo, afande."

"Hilo si kosa, Nekesa. Hicho ni cheo cha mtu. Nimekuuliza amefanya nini."

Mwanamke yule alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa na nilikuwa nimemsikia akikohoa kwa siku mbili. Baadaye tulijua kwamba rafiki mmoja wa mkuu hakupenda harufu ya samaki mbele ya duka lake. Mwaniki aliingia ofisi ya mkuu, akafunga mlango. Hatukusikia kelele. Alitoka akachukua funguo, akamfungulia Mama Achieng, akamwomba msamaha akiwa amesimama wima kama yuko gwaride. Kisha akanigeukia. "Na wewe utakwenda kwake kesho. Uende na sare. Ulimchukua ukiwa nayo."

Nilikwenda. Nikamwomba msamaha mbele ya wateja, naye akasimama akanisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Watoto wangu walilala kwa majirani siku mbili, wakiulizana mama yao ameiba nini. Sasa hii pole yako nikawape wale?" Akageuza samaki. "Nenda. Unawazuia wateja."

Hakunisamehe siku ile, wala baadaye. Nilipita pale kwa miaka mingi, na kila mara aliniuzia samaki bila neno. Nataka mlijue hilo kabla sijawaambia lile ambalo watu hunisifia. Niliyoyafanya baadaye niliyajifunza mbele ya karai lile, na aliyelipia masomo si mimi.

Mwaniki alistaafu, akarudi Murang'a, akafariki huko. Mimi nikawa sajenti. Kituo nilichokuwa wakati huo sitakitaja. Kilikuwa na mkuu mpya, Inspekta ambaye pia sitamtaja, mtu wa viatu vinavyong'aa na sentensi fupi. Asubuhi moja aliniita akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Kuna kazi upande wa Mukuru kwa Njenga, nyuma ya viwanda. Mwenye ploti ana amri ya mahakama ya kuwaondoa watu. Chukua askari wanane, mlinde tingatinga. Saa nne kazi iwe imekwisha."

Niliisoma karatasi ndani ya gari. Chini: muhuri upo, sahihi ipo. Juu: namba ya kesi ipo. Nikapumua. Katikati palikuwa na namba ya ploti, nami nikainakili kwenye daftari langu, pamoja na maneno mengine yote, herufi kwa herufi. Hilo halikuwa jambo la ujanja. Yalikuwa mazoea tu, kama wengine wanavyofunga mkanda.

Tulipofika, tingatinga lilikuwa limeshawashwa. Mbele yake palikuwa na safu mbili za vyumba vya mabati, shule ndogo ya chekechea, karakana ya kuchomelea vyuma, na banda la uji. Mwenye banda hilo alikuwa Mama Truphena, mwanamke wa makamo aliyewauzia uji watu wanaotembea asubuhi kwenda viwandani. Majirani walikuwa wamemchagua awe msemaji wao. Alikuja moja kwa moja kwangu, mwiko bado mkononi.

"Afande, mnabomoa nini?"

"Mama, kuna amri ya mahakama. Hii ni ploti namba ngapi?"

Aliitaja namba bila kufikiri. Sikuikubali kwa sababu yeye ndiye aliyeisema. Nilimwomba anionyeshe. Akaingia ndani, akatoka na barua kuukuu ya ofisi ya chifu na ramani iliyochorwa na mpima ardhi, zimetunzwa ndani ya bahasha ya eksirei. Kisha akanipeleka hadi kwenye jiwe la mpaka lililokuwa limezama karibu na mtaro. Nilipiga magoti nikaufuta udongo kwa kiganja. Namba ya kwenye jiwe, ya kwenye ramani, na ile aliyonitajia zilikuwa moja. Namba ya kwenye amri ilikuwa ya ploti nyingine, ng'ambo ya mtaro, ambako palikuwa na gereji tupu na mbuzi wawili.

Mtu aliyekuwa akilisimamia tingatinga, amevaa kofia ya plastiki, alinijia kwa haraka. "Madam, tunachelewa."

"Karatasi yako inasema kule," nikamwambia, nikimwonyesha mbuzi. "Ukitaka kubomoa kule, nitakulinda. Hapa huna ruhusa."

Alipiga simu. Haikupita dakika moja, redio yangu ikaita. Ilikuwa sauti ya Inspekta, na askari wote wanane waliisikia.

"Sajenti, tatizo ni nini?"

"Afande, amri hii si ya ploti hii."

"Hilo si lako kuamua. Tekeleza."

"Sijaamua chochote, afande. Mahakama ndiyo imeamua, nami nimesoma ilichoamua."

"Nasema tekeleza! Hii ni amri!"

Nitawaambia ukweli. Nilikuwa na mtoto chuoni na mama mgonjwa, na nilijua mtu yule angeweza kunifanyia nini. Akilini nikamwona Mama Achieng akiniomba azime jiko. Nikabonyeza redio.

"Nakataa, afande. Ukiitaka ifanyike, niletee amri hiyo kwa maandishi, namba ya ploti hii ndani yake, na jina lako chini. Sasa hivi ni saa tatu na dakika ishirini. Nimeandika."

Akakata mawasiliano. Chebet, ambaye hakuwa na miezi mitatu kazini, alinisogelea akaninong'oneza, "Sajenti, tutafukuzwa?"

"Mimi, labda. Nyinyi mko chini ya amri yangu, na amri yangu ni msimame hapa. Ukiulizwa, sema hivyo. Ukitaka kukaa kwenye gari, sitakuandika vibaya."

Aliangalia gari. Kisha akaja akasimama kati ya tingatinga na shule, akaweka mikono nyuma. Wengine saba wakamfuata. Nikamwamuru dereva wa tingatinga azime injini. Akaizima upesi sana, nikagundua kwamba naye alikuwa akisubiri mtu amwambie hivyo.

Wakazi wakalipuka kwa vigelegele. Mama Truphena alinikumbatia na mwiko wake, uji ukanimwagikia begani. Vijana walikuwa wakiimba "Madam", kwa kuwa jina langu hawakulijua. Ningependa kuishia hapo, kama Chebet anavyopenda kuishia anaposimulia.

Jiwe lilitoka upande wa karakana. Lilivunja dirisha la tingatinga likampiga dereva juu ya sikio. Aliyelirusha alikuwa Kevo, fundi wa kuchomelea, mtu mzima mwenye mke na kazi, na alikuwa ameshainama kuokota la pili. Nyuma yake wengine walikuwa wanaitisha petroli. Nilimshika mkono kabla hajainuka.

"Umekamatwa kwa kumpiga huyu mtu jiwe."

"Mimi? Madam, si uko upande wetu?"

"Dereva naye ana kichwa. Nyoosha mikono."

Nikamfunga pingu mbele ya watu walewale walionikumbatia. Mngeona jinsi wimbo unavyoweza kugeuka. "Karao ni karao tu!" walipiga kelele, kwa lile jina la mtaani la polisi. Mama Truphena alinishika begani pale pale penye uji. "Afande, mwache! Amekasirika tu, nyumba yake ilikuwa inabomolewa."

"Haikubomolewa, mama. Ndiyo maana niko hapa. Mkilichoma hili tingatinga, kesho watakuja na karatasi nyingine, na hiyo itakuwa ya kweli."

Hakupenda, lakini aligeuka akawafokea wenzake warudi nyuma, na walimsikiliza yeye. Kevo aliandikwa kwenye OB, kosa likatajwa kwa jina lake, akapelekwa kortini kesho yake. Alimwomba dereva msamaha, hakimu akamwonya, akarudi kwenye karakana yake. Alinichukia kwa muda. Alikuwa na haki ya kunichukia. Haki ya kurusha jiwe hakuwa nayo.

Wiki mbili baadaye nilishtakiwa kinidhamu. Barua ilisema nimekataa amri halali. Nililizungushia wino lile neno halali, kwa sababu kesi yangu yote ilikuwa humo. Wakubwa watatu walikaa nyuma ya meza, na Inspekta akakaa pembeni. Alisema karatasi ya mahakama ilikuwa sahihi, ila kwa bahati mbaya faili halionekani.

Nikafungua bahasha yangu, nikaweka mezani nakala ya amri ile, imegongwa muhuri na masijala ya mahakama. Namba ya kesi ilikuwa kwenye daftari langu. Nilikuwa nimekwenda kuiomba nakala hiyo siku yangu ya mapumziko, nikapanga foleni na raia.

Mkubwa wa katikati aliisoma. "Sajenti, kwa nini askari aende mahakamani kutafuta nakala siku ya kupumzika?"

"Kwa sababu nilijua ya kwetu itapotea, afande."

Mmoja wao alikohoa, na hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko. Waliniuliza maswali mengine. Walitaka kujua kama ninajiona mwerevu kuliko mkuu wangu. Niliwajibu kwamba sikujiona chochote. Nilichokuwa nimeona ni jiwe la mpaka, na bado lipo, wanaweza kwenda kuliona.

Shtaka lilianguka. Inspekta akahamishwa. Nami nikahamishwa, nikapelekwa stoo kuhesabu magurudumu makuukuu na makoti ya mvua, kwa maana kuna njia nyingi za kumwadhibu mtu ambaye hukumkuta na kosa. Nilihesabu magurudumu yale kwa usahihi ambao hayakuwahi kuujua. Mkubwa mmoja alipita siku moja akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nilimwambia ndiyo: kumi na moja yana matobo, na fomu ya kuyatupa haijatiwa sahihi tangu nifike, na mwenye kuitia sahihi ni yeye.

Wakazi, wakati huo, walikuwa wamekwenda kortini wenyewe. Mama Truphena alisimama mbele ya hakimu na ile bahasha ya eksirei. Mahakama ilipiga marufuku ubomoaji wa ploti yao. Lakini ilituma pia wapima ardhi, na wapima ardhi wakakuta kwamba vyumba sita vya mwisho, kimojawapo cha Mama Truphena, pamoja na banda la uji, vilikuwa vimejengwa juu ya njia ya umma. Hivyo sita na banda viondoke, ikasema mahakama, na wenyewe wapewe miezi mitatu. Vingine vyote na shule vibaki.

Miezi mitatu ilipokwisha, kituo kilikuwa na mkuu mpya, naye alinitoa stoo kwa siku moja. Wakazi walikuwa wamemwambia kwamba hawatamsikiliza askari mwingine. Inspekta kijana aliwekwa kuongoza kikosi, mimi niende nizungumze.

Tulifika asubuhi. Hakukuwa na kelele wala tingatinga. Niliisoma amri, chini, juu, katikati, nikaenda mwenyewe kwenye jiwe la mpaka, na mpima ardhi akaninyooshea utepe. Namba zilikubaliana. Nilihakikisha mara mbili, na nakiri kwamba mara ya pili nilikuwa natafuta kosa. Halikuwepo.

Mama Truphena alikuwa ameketi kwenye kiti mbele ya mlango wake. Sufuria la uji lilikuwa limeoshwa na kufunikwa. Hakuniamkia.

"Soma," alisema.

Nikasoma yote, kwa sauti, mpaka jina la hakimu.

"Rudia pale penye vyumba vinavyobaki."

Nikarudia. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akihesabu majirani zake kwa vidole. Kisha akainuka.

"Siku ile uliwakatalia," akasema. "Leo hukatai."

"Leo ni halali, mama. Ingekuwa si halali, ningekataa tena, na wangenirudisha stoo kuhesabu magurudumu."

Niliona analia, na niliona hataki nione. Akaingia ndani. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kisha sauti yake.

"Hili kabati ni la harusi yangu. Siwezi kulibeba peke yangu. Shika upande huo."

Nilivua kofia, nikampa Chebet, nikaingia. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, mimi nikitembea kinyumenyume, jasho likinitoka, Inspekta kijana aliponijia ameshika redio.

"Sajenti, weka hicho kitu chini. Kazi ya polisi si kubeba makabati."

"Afande," nikamwambia, bila kuachia, "nionyeshe sheria inayonikataza."

Mama Truphena akanisukumia kabati tumboni. "Twende," akasema, "kabla hajaipata." Na tukapita mbele yake, yeye akisogea pembeni kutupisha njia.